Redio ya Ukingoni

"Basi kamnyang'anye wewe," Eliudi aliniambia. "Mimi amenizaa, siwezi."

"Amekuzaa, ndiyo maana nakwambia wewe. Mimi nikiigusa ile redio, kesho ukoo mzima uko hapa uani kuniuliza kwetu nilifundishwa nini."

Alikuwa anakamua. Paji la uso ameliegemeza ubavuni mwa ng'ombe, hanitazami. Mume wangu akitaka ugomvi uishe huenda kukamua, hata kama ng'ombe ameshakamuliwa.

"Nimeshapanda masale," alisema.

"Masale hayashiki udongo, Eliudi."

"Yanamshika mama. Umewahi kumwona mama akivuka isale?"

Sikuwahi, naye alijua. Huku kwetu Kirua Vunjo isale si ua la kupendezesha nyumba. Ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani na makaburini, na mzee wa Kichagga yuko radhi azunguke kilima kizima kuliko kuruka mstari wa masale uliopandwa na mwenye kihamba, yaani shamba la ukoo. Kwa hiyo Eliudi, alipoona mama yake haachi kwenda ukingoni mwa korongo, hakujenga ukuta wala hakufunga mlango. Alichukua vipande vya masale, akavichomeka mstari mmoja hatua chache kabla ya ukingo, vikashika, akamwambia, "Mama, mwisho wako hapa." Mama akaitikia. Tangu siku hiyo aliketi nyuma ya masale na hakusogea mbele hata unyayo mmoja. Eliudi akapata usingizi wake. Mimi sikuupata wangu.

"Mwambie imeharibika," nilisema.

"Nimdanganye mama yangu?"

"Ndiyo."

"Mama Stella, nenda kazini. Utachelewa."

Nilikwenda. Lakini kwanza nilipita ukingoni, kama nilivyokuwa nikipita kila asubuhi.

Mimi ni bibi shamba wa kata. Nina stashahada ya kilimo, na katika stashahada hiyo niliupenda udongo kuliko kuku na kuliko kahawa. Najua mteremko ukishiba maji unafanya nini. Sina haja ya kuambiwa na mtu, na hata kama nisingesoma, nilikwishaona. Vuli iliyopita, mwishoni mwa mwaka 2005, kipande kizima cha kihamba chetu cha upande wa magharibi kiliondoka. Migomba, kahawa, miti miwili ya mruka mikubwa kuliko nyumba, vyote viliteremka korongoni siku ya Jumapili tukiwa kanisani. Tuliporudi tukakuta udongo mwekundu umekaa wazi kama kidonda, na juu yake mbingu. Kihamba chetu hakikuwahi kuwa na mbingu. Kuna mgomba, juu ya mgomba kuna mruka, chini kabisa kuna kahawa na sisi. Watoto wangu walikua wakiona jua vipande vipande. Sasa palikuwa na tundu kubwa la mwanga, na mama mkwe wangu alisimama pale akatazama, akasema, "Hapa hata pazuri." Nilidhani ni mshtuko.

Krismasi ile shemeji yangu Ebenezeri alirudi nyumbani kama Wachagga wote wanavyorudi, akiwa amekonda na amechomwa na jua. Ni dereva. Wakati huo alikuwa akipeleka chakula kusini mwa Sudan, kwenye njia ambazo mvua ikinyesha gari linakaa mwezi mzima mahali pamoja. Alikuja na redio mbili alizonunua Nairobi. Si redio za kuvuta waya mrefu juu. Zilikuwa ndogo, unabeba kwa mkono mmoja, na kila moja ilikuwa na antena yake bapa, mfano wa kisahani cha chai, ambayo unaielekeza angani. Sauti inatoka kwenye setilaiti moja kwa moja. Ebenezeri alisema huko anakopita hakuna mnara wa simu wala wa redio, ila setilaiti iko pale pale. Redio moja aliifunga kwenye gari lake. Ya pili akamwekea mama mapajani.

"Saa kumi jioni, popote nitakapokuwa, nasimamisha gari, nafungua stesheni hii," alimwambia. "Na wewe fungua. Tutakuwa tunasikiliza pamoja."

Stesheni yenyewe ilikuwa ya muziki wa zamani. Mama, ambaye kwaya ya vijana usharikani huiona ina mbwembwe, alianza kusikiliza magitaa ya Kongo kila siku saa kumi, mikono imekunjwa, uso mzito kama anapokea Chakula cha Bwana. Tulicheka. Stella wangu, kabla hajarudi shule ya bweni, alijaribu kumwinua acheze. Mama alimwambia, "Kaa chini, baba yako mdogo yuko hewani."

Mpaka Februari ilisikika ndani. Tuliweka kisahani kwenye kizingiti cha dirisha la sebule, mahali ambapo majani yaliacha mwanya, na kwenye kioo cha redio vile vimistari vya mawimbi vilisimama vyote. Halafu masika yakaanza. Setilaiti hiyo, kwa huku kwetu, imekaa pale jua linapokuwa saa nane mchana, magharibi na juu sana. Bati haliipitishi. Ukuta hauipitishi. Majani makavu huipitisha kwa shida, na majani mabichi yaliyolowa ni sawasawa na bati. Miruka ilijaa, ikajaa maji, mwanya ukafunga, redio ikanyamaza.

Tulihangaika. Tuliiweka dirisha la jikoni, juu ya kabati, darini. Eliudi alipanda juu ya bati na kisahani mkononi huku mimi chini nikisoma vimistari: kimoja, hakuna, hakuna, kimoja. Nikaipeleka Moshi kwa fundi Khamisi pale Majengo, akanifungia waya mrefu wa kutosha kufika nje ya kihamba. Waya ulifika, mawimbi hayakufika. Khamisi mwenyewe alinionya kwamba waya ukizidi unayanywa mawimbi njiani, mimi ndiye niliyesisitiza. Kukata mruka ulio juu ya nyumba kunataka kibali cha ofisi na kikao cha ukoo. Kibali tuliomba. Kikao kiliahirishwa mpaka Pasaka, kisha mpaka baada ya Pasaka, kwa sababu chini ya mruka ule amelala baba mkwe na kila mzee alikuwa na lake la kusema.

Mama hakungoja kikao. Aliibeba redio mbele yake kama mtu aliyebeba taa, akatembea kihamba chote taratibu, mgomba kwa mgomba, akitazama kioo. Ilipoimba, alikuwa amesimama ukingoni mwa korongo, pale palipoporomoka. Ndipo palipokuwa na mbingu.

Ningemzuia mapema kama si jambo moja. Siku moja katikati ya Machi mvua ilikuwa kubwa, akashindwa kutoka. Wiki hiyo hiyo zikaja habari kwamba gari la mbele la msafara wa akina Ebenezeri limekanyaga bomu. Ebenezeri alikuwa gari la nyuma yake, hakuumia. Lakini mama alihesabu siku kwa vidole, akaishia kwenye siku aliyokosa. Kuanzia hapo hukuweza kumwambia kitu. Nilimweleza kwamba ile ni redio ya kupokea tu, haipeleki kitu kwa mtu yeyote, Ebenezeri hana namna ya kujua kama mama anasikiliza au amelala. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umemaliza?" aliniuliza.

"Nimemaliza, mama."

"Mimi siku niliyomwacha peke yake, bomu lilimtafuta. Sasa wewe nieleze tena habari za kupokea."

Kwa hiyo Eliudi akapanda masale, akamtengenezea na benchi la mti na kibanda cha majani ya migomba cha kumkinga mvua mgongoni, mbele wazi ili kisahani kione. Kisahani alikifunga juu ya mti mfupi uliochomekwa pembeni ya benchi. Nami, kwa sababu sikuweza kumwondoa, nikaweka ulinzi wangu. Mbele ya benchi, sambamba na masale, palikuwa na ufa mwembamba. Nilipigilia kigingi huku na kigingi kule, nikafunga kamba iliyonyooka katikati. Ufa ukifunguka, kamba itavutika au kukatika. Kila asubuhi nilipitia kamba yangu. Asubuhi ile ya ugomvi niliikuta kamba iko kama nilivyoiacha. Masale yalikuwa yamesimama vizuri, yamenawiri hasa, mstari umenyooka kama wa rula. Nikapumua, nikaenda kazini.

Mvua ilinyesha asubuhi nzima. Nilikuwa kitongoji cha juu yetu, kwa mkulima mmoja, nikimwonyesha namna ya kuzuia maji yasikatishe kwenye kahawa yake changa. Mvua ilipokatika nikasikia mfongo. Mfongo wetu, ule mfereji wa mababu unaoshusha maji ya mlimani, huwa unanong'ona tu. Mchana ule ulikuwa unanguruma. Nilipanda kuutazama, nikakuta umezibwa na shina la mgomba, na maji yote yamehama. Hayakuwa yakienda korongoni kama ambavyo yangepaswa. Yalikuwa yakizama. Yalifika kwenye nyasi pale juu ya kihamba chetu na kutoweka ardhini, na sikuona mahali yanapotokea.

Nilitazama saa yangu, saa kumi ilikuwa inakaribia, nikampigia Eliudi. Alikuwa Himo sokoni na ndizi.

"Mama yuko wapi?"

"Nyumbani. Nimemwambia leo asitoke, mvua."

"Amekubali?"

"Amenyamaza."

"Eliudi, mama yako akinyamaza amekataa."

"Sasa nifanye nini, nami niko Himo?"

Nilikata simu. Nilishuka mbio, jambo ambalo bibi shamba halifanyi mbele za watu. Viatu vilijaa tope nikavivua, nikavishika mkononi. Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Sebuleni hapakuwa na mtu. Sweta lake la buluu halikuwa kwenye msumari. Fimbo haikuwapo. Meza ambayo redio hulala ilikuwa na kitambaa chake cha kufuma peke yake.

Kabla hata sijatoka uani, nikasikia gitaa.

Njia ya kwenda ukingoni inapita katikati ya migomba. Nilienda nikijiambia nisikimbie, kwa sababu nikimshtua atasimama ghafla na nyonga yake mbovu. Nilipotokea kwenye mwanga nilimwona mgongo. Amekaa kwenye benchi, kilemba cheupe, kisahani juu ya mti wake kinatazama magharibi, redio ubavuni inaimba kwa furaha ya watu waliokufa zamani. Na mbele yake masale, mstari ule ule, umenyooka. Hakuwa amevuka. Nikasema moyoni, huyu mama na mwanawe wananichosha bure.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Bibi shamba umetoroka kazini?"

"Nimekufuata. Mvua hii mama, na Eliudi amekuambia usitoke."

"Eliudi yuko Himo. Ebenezeri yuko hapa. Sogea usikie, huu wimbo baba yenu alikuwa anaupiga mluzi."

Nilipiga hatua ili nisogee, na mguu wangu ukakosa ardhi.

Haukukosa sana. Ulishuka kiasi cha kimo cha muundi, kama unapokanyaga ngazi usiyoijua. Nilirudi nyuma nikatazama chini. Asubuhi hapakuwa na ngazi pale. Asubuhi njia ilikuwa sawa, kutoka kwenye migomba mpaka kwenye benchi. Sasa njia ilikuwa imekatwa, na upande wa pili, wenye benchi, ulikuwa chini kuliko upande wangu. Katikati palikuwa na ufa mweusi. Niliufuata kwa macho kulia: ulipita chini ya mparachichi, ukang'oa mizizi midogo, ukapinda kuelekea korongoni. Nikaufuata kushoto: ulifanya vivyo hivyo. Kipande kile kilikuwa kimekatwa kote kama mkate. Juu yake vilikuwapo kahawa mbili, benchi, kibanda, mama yangu mkwe, na masale.

Ndipo nikaelewa kwa nini masale yalikuwa yamenyooka vile. Yalikuwa yameteremka yote pamoja. Nikaitafuta kamba yangu, nikaiona kule mbele, bado imenyooka, kigingi huku na kigingi kule, vyote viwili vikiwa juu ya kipande kile kile kinachoondoka. Asubuhi niliisoma kamba ile nikaridhika. Tulikuwa wote tunalinda mbele. Eliudi kwa masale, mimi kwa vigingi, na mama kwa utii wake, na ardhi ilikuwa inakatika nyuma yetu.

"Mama," nilisema, "inuka polepole uje huku kwangu."

"Kuna nini?"

"Udongo umekatika nyuma yako."

Aligeuza shingo, akatazama ufa. Alitazama kama anavyotazama sahani niliyoiosha mimi.

"Nyufa," alisema. "Kihamba hiki kina nyufa tangu nimeolewa."

"Huu ni mwingine. Njoo."

"Masale yako wapi?"

"Mbele yako."

"Nimeyavuka?"

"Hujayavuka, mama. Yamehama."

Alicheka. Alicheka mpaka mabega yakatikisika, nami nikaogopa hata huo mtikisiko. "Masale yamehama. Ebenezeri, unasikia? Mke wa kaka yako amesomeshwa mpaka ameona isale linatembea."

"Limetembea na wewe. Umekaa juu ya kipande kinachokwenda korongoni."

"Nitakuja wimbo ukiisha."

"Sasa hivi."

"Nimeambiwa magari yao yalilala Kapoeta, kule Sudan, jana, leo wako njiani. Leo ndiyo siku mbaya. Usinipigie kelele, nitakosa."

Kutoka chini, ndani ya korongo, kulitoka sauti kama ya mtu anayevunja vijiti vikavu kwa goti, kimoja, halafu vingine pamoja. Hakukuwa na mtu chini kule. Ilikuwa mizizi. Kisha jiwe liliachia mahali fulani mbele ya masale. Nililisikia likianza kuviringika, nikasubiri lifike, nikasubiri, likafika mbali sana.

Mama alisikia pia. Nilimwona anasikia, kwa sababu mkono wake ulikwenda kwenye redio na kuongeza sauti.

Nilipiga hesabu ninavyopiga hesabu za kila kitu. Kwenda kwa Yoramu, jirani wa karibu, na kurudi na wanaume: kipande hakitangoja. Kuruka pale nimvute: mama ni mwanamke mwenye mwili, akikataa atashika benchi, na tutakuwa wawili tunapigana juu ya udongo unaotafuta sababu ya kuondoka. Kungoja wimbo: nyimbo za wale wazee haziishi, gitaa likimaliza linaanza jingine. Kumwomba zaidi: nimeolewa naye, kwa namna ya kusema, kwa miaka mingi, na sijawahi kumwomba akabadilika.

Nilijaribu mara moja zaidi. "Mama, Ebenezeri mwenyewe angekuona hapa angesemaje?"

"Angesema asante," alijibu, na hakuwa na mzaha tena. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Wewe una watoto wako shuleni, unajua watalala wapi leo. Mimi wa kwangu sijui. Ninachojua ni hiki tu, kwamba saa hii anasikia ninachosikia. Usininyime."

Nilikuwa nimesimama miguu mitupu, na nikaihisi ardhi kwa nyayo. Haikutetemeka. Ilifanya kitu kibaya zaidi: ilitulia, kama mtu anayevuta pumzi. Nikatazama ngazi. Dakika chache tu kabla ilikuwa inanifika kwenye muundi. Sasa ilikuwa inafika karibu na goti. Na kisahani juu ya mti wake kilikuwa kimeinama kidogo kuelekea korongoni, na redio ilikwaruza, ikarudi.

Mama akanyoosha mkono, akakiweka sawa.

Kama kipande kile kingekwenda, kitu cha mwisho ambacho angekitengeneza duniani kingekuwa kile kisahani. Niliutazama mkono wake, nikajua hatatoka pale kwa ajili yangu, wala kwa ajili ya Eliudi, wala kwa ajili ya uhai wake mwenyewe. Angetoka kwa ajili ya mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa ndani ya redio.

Nikatupa viatu, nikaruka.

Nilitua laini kuliko nilivyotaka. Udongo ulinipokea kama unga. Hatua mbili, nikalifikia benchi, nikashika redio kwa mkono wa kulia, kwa mkono wa kushoto nikang'oa mti wa kisahani pamoja na kisahani chake. Mama hakuelewa mpaka nilipokuwa nimegeuka. Alishika ncha ya khanga yangu, nikaiacha khanga mkononi mwake. Nikapanda ule ufa kwa magoti na viwiko, nimekumbatia redio kifuani kama mtoto, na nyuma yangu gitaa, mbele yangu gitaa, kila mahali gitaa.

"Magreth," alisema.

Hakuwa amewahi kuniita jina langu tangu Stella azaliwe.

"Magreth, rudisha. Anasikiliza peke yake. Umemwacha mwanangu peke yake."

Sikugeuka. Nilitembea kuelekea kwenye migomba. Najua redio ile haipeleki kitu kwa mtu yeyote, nilimweleza kwa kinywa changu mwenyewe, na bado nilitembea kama mwizi wa watoto. Nilipoingia chini ya jani la kwanza muziki ulikatika, ukarudi, ukakatika. Kwenye kioo vimistari vilianguka. Chini ya jani la pili hapakuwa na kitu.

Nikasimama. Sasa niliweza kusikia vyote: maji, kunguru, matone. Sikusikia fimbo.

Sikusikia fimbo kwa muda ambao siwezi kuueleza. Ilinijia kwamba nimekosea, kwamba atakaa tu. Atakaa pale na mikono imekunjwa, bila muziki, kwa hasira, mpaka kipande kiondoke naye, na mimi nitakuwa nimesimama kwenye migomba na redio yake.

"Ukiitaka iko huku," nilisema kwa sauti, na sauti yangu ikatoka ngumu, ya bibi shamba anayegombeza watu waliolima kwenye kingo za mto. "Njoo uichukue. Hapo ulipo hairudi."

Kisha benchi likalia. Kisha fimbo ikagonga jiwe.

Nilirudi hadi mwisho wa migomba. Alikuwa amefika kwenye ufa, amesimama chini yake, khanga yangu begani, na ngazi ilikuwa imemzidi goti. Nyonga yake haiwezi hiyo. Nikalala kifudifudi kwenye tope. Nikampa mkono mmoja. Redio niliishika kwa mkono mwingine, nyuma kabisa, mbali naye, kwa sababu nilijua nikiiweka chini na akaona anaweza kuifikia, atarudi nayo.

Alishika mkono wangu kwa kucha. Nikavuta. Akaweka goti moja juu, akanguruma, akaweka la pili, na udongo wa chini yake ukamwagika ndani ya ufa bila sauti yoyote. Akawa upande wangu. Nilimwona anasimama, anatafuta fimbo yake, anaipata.

"Lete," alisema.

"Hapana, mama. Barabarani kuna mbingu. Njoo hadi barabarani."

"Lete hapa."

Barabara iko juu ya kihamba, kwenye mwamba, ambako hakujawahi kuporomoka kitu, na juu yake hakuna mruka. Niligeuka nikaanza kupanda. Fimbo ya kwanza ilinipata mgongoni, chini kidogo ya bega. Iliuma. Nikaongeza mwendo, lakini si sana, ili aone kwamba ya pili inaweza kunifikia. Ilinifikia. Tukapanda hivyo hivyo, mimi mbele na redio iliyonyamaza, yeye nyuma akinipiga na kuniambia mimi ni mtu wa namna gani, tukapita nyumba, tukapita kaburi la baba, na sikusimama mpaka nilipokanyaga lami.